Ng'ombe, Koo na Msichana Aliyetoroka: Historia ya Ndoa katika Nyanda za Juu za Gusii

Katika nyanda za juu za Gusii, ambazo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, ndoa za karne ya 19 ziliwaunganisha watu waliokuwa wakipigana. Wagusii walikuwa wamegawanyika katika makundi makubwa: Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Abamachoge, Ababasi na Abanchari. Ndani ya makundi hayo mlikuwa na koo ndogo nyingi, na mtu hakuruhusiwa kuoa katika ukoo wake. Kijana aliyetaka mke alilazimika kwenda kwa jirani, naye jirani huyo mara nyingi ndiye aliyekuwa akigombana na baba zake juu ya malisho, mipaka na mifugo. Wagusii wenyewe husema kwamba wanaooana nao ndio wanaopigana nao.

Msichana aliyeolewa alihamia kwa watu ambao jana walikuwa maadui wa kaka zake. Huko aliheshimu chinsoni, kanuni za haya na staha zilizotenganisha vizazi, hasa baina yake na baba mkwe. Hapo mwanzo alitazamwa kama mgeni wa kuchungwa. Alipata nafasi yake taratibu, kwa kuzaa, kwa kulima shamba alilogawiwa, na hatimaye kwa wanawe wa kiume kukua na kumjengea jina.

Vijana waliotahiriwa waliishi katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizozungushiwa ua na kulindwa usiku na mchana. Mifugo ya familia kadhaa iliwekwa pamoja huko chini ya ulinzi wa wapiganaji, kwa kuwa wavamizi hawakukosekana: Wakipsigis upande wa mashariki, Wamaasai kusini, Wajaluo magharibi, na koo nyingine za Wagusii wenyewe. Mapigano makubwa yaliyobaki midomoni mwa wazee ni yale ya Saosao katika miaka ya 1890, ambapo Wagusii waliwashinda Wakipsigis waliokuja kuteka ng'ombe na kuwaua wengi wao. Ng'ombe aliyelindwa kwa mkuki ndiye aliyemwezesha kijana kuoa. Kwa hiyo historia ya mapenzi na ndoa katika Gusii haiwezi kutenganishwa na historia ya zizi.

Ng'ombe wa dada, mke wa kaka

Mahari ya Kigusii iliitwa chiombe, yaani ng'ombe, ingawa mbuzi pia waliongezwa. Ng'ombe hao hawakukaa bure katika zizi la baba ya msichana. Kila binti aliyeolewa alifungamanishwa na kaka mmoja wa tumbo moja, na mifugo iliyoletwa kwa ajili yake ilitumiwa kumwolea kaka huyo. Kaka alijua kwamba mkewe amepatikana kwa ng'ombe wa dada yake, na dada alijua kwamba akiiacha ndoa yake, ng'ombe watadaiwa warudi na ndoa ya kaka itatikisika. Mifugo ileile ilipita kutoka boma hadi boma, kizazi baada ya kizazi, na kila ndoa ilitegemea nyingine.

Ng'ombe hao pia ndio walioamua watoto ni wa nani. Watoto wote aliowazaa mwanamke walihesabiwa kuwa wa mwanamume aliyemtolea chiombe, hata kama mwingine ndiye aliyewazaa. Ndiyo sababu mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume aliweza kumtolea msichana ng'ombe na kumleta nyumbani kama mke wa mwana asiyekuwapo, ili watoto wa msichana huyo wawe wajukuu wake na warithi wa nyumba yake. Ndoa ilipovunjika mapema, ng'ombe walirudishwa. Ilipovunjika baada ya watoto kuzaliwa, hesabu ilifanywa upya, na watoto wakabaki kwa baba yao wa chiombe.

Uchumba wa heshima ulianza na esigani, mshenga aliyetumwa kuchunguza. Esigani aliuliza kama ukoo ule una uchawi, kama kuna ugonjwa unaorithiwa, kama msichana ni mchapakazi na mvulana si mgomvi, tena alifanya kazi hiyo kwa pande zote mbili. Majibu yakiridhisha, wazee wa upande wa msichana walikwenda bomani kwa mvulana kuwakagua ng'ombe. Hapo ndipo mabishano yalipopamba moto: huyu ni mzee, yule ana mguu mbaya, ndama huyu hana afya. Makubaliano yalipofikiwa na ng'ombe kuvuka mpaka wa ukoo, msichana alihesabiwa kuwa mke.

Sherehe kamili, enyangi, iliweza kufanywa wakati huohuo au miaka mingi baadaye, wakati mwingine watoto wakiwa wamekwisha kuzaliwa, kwa sababu iligharimu nafaka, pombe na nyama nyingi. Vijana wa upande wa bwana arusi walikwenda kumchukua bibi arusi, naye hakutarajiwa kufuata kwa furaha. Alijificha, alilia, alishikilia nguzo ya nyumba ya mama yake, wakamvuta. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa na haki ya kuzuia shughuli katika hatua fulani na kudai zawadi kabla ya kuiachilia iendelee. Philip Mayer, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940 akiwa mwanasosholojia wa serikali, aliandika makala nzima ya mwaka 1950 kuhusu vizuizi hivyo. Mwisho wa yote, bibi arusi alivishwa ebitinge, pete za chuma miguuni, alama iliyomtambulisha kwa kila aliyekutana naye njiani kuwa ni mke aliyekamilishiwa ndoa yake. Ebitinge havikuvuliwa ovyo.

Njia ya pili ilikuwapo tangu zamani. Kijana asiye na dada, au ambaye ng'ombe wa baba yake walikufa au kutekwa, aliweza kumtorosha msichana, kwa hiari ya msichana huyo au kwa nguvu, kisha familia zikajadiliana juu ya ng'ombe baadaye. Jamii haikuisifu njia hii, lakini iliijua na ilikuwa na namna ya kuirekebisha. Msichana aliyetoroka bila chiombe kutolewa hakuhesabiwa kuwa mke. Chiombe ikitolewa baadaye, kosa lilifutika na wakwe wakaketi pamoja.

Hadithi hiihii nchini Uskoti

Msomaji wa riwaya za mapenzi za kihistoria zenye mandhari ya Uskoti hawezi kukosa kuyatambua mambo haya. Nyanda za juu zenye ukungu, koo zenye visasi, vijana wanaoiba ng'ombe usiku, binti wa adui anayechukuliwa na kuishia kumpenda aliyemchukua: hivi ndivyo viungo vya aina hiyo ya riwaya tangu Walter Scott alipotoa Waverley mwaka 1814 na Rob Roy mwaka 1817. Katika miaka ya 1980 na 1990 waandishi wa Marekani waliigeuza kuwa biashara kubwa. The Bride ya Julie Garwood ilitoka mwaka 1989, na Outlander ya Diana Gabaldon ikafuata mwaka 1991, kisha ikawa tamthilia ya televisheni mwaka 2014 na kuwafikia watazamaji wengi wasiowahi kushika kitabu chake.

Maoni ya wasomaji wa riwaya hizi yamegawanyika katika mambo matatu. La kwanza ni ridhaa. Wapo wanaosema kwamba shujaa anayembeba msichana juu ya farasi bila kumuuliza anayapamba mabavu kwa maua, na kwamba mapenzi yanayokuja baadaye katika sura ya 20 hayafuti yaliyotendeka katika sura ya kwanza. Wengine hujibu kwamba hizo ni ndoto za msomaji anayejua tangu mwanzo kuwa mambo yataishia vizuri, na kwamba hakuna anayezisoma ili kujifunza namna ya kuoa. La pili ni ukweli wa historia. Wasomaji wenye kujali historia huchoshwa na mashujaa wa karne ya 14 wanaovaa nguo za mistari ya rangi za ukoo, ilhali mpangilio wa kila ukoo na mistari yake ulienea hasa katika karne ya 19, baada ya ziara ya Mfalme George wa Nne mjini Edinburgh mwaka 1822, ambayo Scott mwenyewe aliisimamia. Vilevile ndoa ya majaribio ya mwaka mmoja na siku moja, inayopendwa mno na waandishi, ilichunguzwa na mwanasheria A. E. Anton mwaka 1958, naye akaona kuwa haina msingi imara katika sheria ya Uskoti. La tatu ni swali la kama koo zinapaswa kuwa pambo tu au ziwe na uzito wa kweli: mashamba, madeni, mifugo na warithi.

Historia ya kweli ya Uskoti ina kisa kinachojibu swali la kwanza kwa ukali. Mwezi Desemba 1750, wana wa Rob Roy MacGregor walimteka Jean Key, mjane kijana mwenye mali, kutoka nyumbani kwake, na mmoja wao, Robin Oig, akafungishwa naye ndoa. Jean Key alifariki mwaka uliofuata. Robin Oig alinyongwa mjini Edinburgh mwezi Februari 1754. Scott alikisimulia kisa hicho katika utangulizi wa Rob Roy, na Robert Louis Stevenson akamweka Robin Oig ndani ya Kidnapped mwaka 1886. Mahakama ilikiona kisa hicho kuwa uhalifu wa kutafuta mali, na karne iliyofuata ikakigeuza kuwa simulizi ya kusisimua.

Tofauti kubwa baina ya Uskoti na Gusii ni upande ambao mali ilielekea. Uskoti, mali ya ndoa ilitoka kwa baba ya msichana kwenda kwa mume, na katika nyanda za juu mara nyingi ilikuwa ng'ombe. Kwa hiyo mtekaji alimwendea mjane au mrithi mwenye mali yake tayari mkononi, kama Jean Key, kwani baba aliyeibiwa binti angeweza kuizuia mali yake. Gusii, ng'ombe walitoka kwa mume kwenda kwa baba, kwa hiyo aliyetorosha hakutafuta mali bali alikwepa kuitoa. Walioumia ni baba na kaka wa msichana, hasa yule kaka aliyekuwa akiwangojea ng'ombe hao ili naye aoe.

Sheria nazo zilitofautiana. England ilipotunga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1753, vijana walio chini ya miaka 21 walihitaji idhini ya wazazi. Sheria ya Uskoti haikuitaka idhini hiyo: wawili waliotamka mbele ya mashahidi kwamba wameoana walikuwa wameoana. Ndiyo maana wapenzi wa England walikimbilia Gretna Green, kijiji cha mpakani, na kufungishwa ndoa na mhunzi. Mwaka 1856 sheria ilidai mmoja wao awe ameishi Uskoti kwa siku 21, na ndoa za kutamka tu zikakomeshwa mwaka 1940. Uskoti ilitazama neno la wawili waliopendana, Gusii ikatazama ng'ombe waliovuka mpaka wa ukoo. Mfumo unaotegemea ng'ombe hutikisika kila mara idadi au thamani ya ng'ombe inapobadilika, na katika Gusii hilo lilitokea mara tatu ndani ya miaka 100.

Sotoka, vita na zizi lililopungua

Mtikisiko wa kwanza ulikuja na sotoka ya miaka ya 1890, ugonjwa ulioua mifugo kote Afrika Mashariki. Kisha wakaja Waingereza. Msafara wao wa kijeshi wa mwaka 1905 uliondoka na maelfu ya ng'ombe. Mwaka 1907 kituo cha serikali kilianzishwa Getembe, mahali ambapo leo ni mji wa Kisii, chini ya afisa wa Kiingereza G. A. S. Northcote. Mwezi Januari 1908, Otenyo wa Abagetutu alimchoma Northcote kwa mkuki, na simulizi za Gusii zinasema alihimizwa na Moraa, mganga na mwonaji mashuhuri wa wakati huo. Northcote alipona. Adhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi cha Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, kulalamika kutoka London juu ya idadi ya watu waliokuwa wakiuawa. Nyumba zilichomwa na mifugo ikatekwa tena. Mwaka 1914, baada ya majeshi ya Ujerumani kuuingia mji wa Kisii mwezi Septemba na kufukuzwa, watu waliopora maduka na ofisi walitozwa faini, nayo ikalipwa kwa ng'ombe.

Matokeo yake yalionekana haraka kwenye mahari. Ng'ombe walipoadimika, baba walikubali wachache, na familia maskini ziliweza kuoa kwa mifugo michache kuliko ilivyowahi kukumbukwa. Serikali ilizifuta ebisarate mwanzoni mwa miaka ya 1910, kwa kuwa iliziona kuwa vituo vya wapiganaji na chanzo cha wizi wa mifugo. Vijana walirudi bomani, wakalala katika esaiga, nyumba ya wavulana, na kazi ya kulinda zizi kwa mkuki ikaisha. Vita vya koo vilipozimwa, safari za kwenda kwa jirani hazikuwa tena za hatari. Wavulana na wasichana wa koo tofauti walikutana sokoni, dukani, kanisani na shuleni. Kanisa Katoliki lilikuwa limefungua misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakafika Nyanchwa mwaka uliofuata.

Nafasi za kukutana ziliongezeka huku bei ya ndoa ikiwa chini. Wazee wa baadaye waliutazama wakati huu kama kipindi cha utulivu, ambapo kijana wa kawaida aliweza kuoa bila kungoja hadi nywele zipate mvi. Kipindi hicho hakikudumu.

Bei inapopanda

Mtikisiko wa pili ulitokana na fedha. Vijana wa Gusii walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, katika nyumba za Wazungu na mijini. Mahindi yakawa zao la kuuza. Katika miaka ya 1930 serikali iliruhusu Waafrika wachache walime kahawa, na Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kufanyiwa jaribio hilo. Mashamba ya mwanzo yalikuwa ya machifu na watu wao, akiwamo Musa Nyandusi wa Nyaribari. Mifugo nayo ilikuwa imeongezeka upya. Baba wa wasichana walipoona kuna wanaume wenye ng'ombe na fedha, walipandisha mahari, na kila aliyetoa ng'ombe wengi kwa ajili ya mwanawe alitaka wengi zaidi kwa ajili ya binti yake.

Waliofaidi ni wanaume wenye umri na mali: machifu, wazee wa baraza, wafanyabiashara, wenye mashamba. Waliweza kuoa mke wa pili na wa tatu huku kijana wa miaka 25 akihesabu mishahara ya Kericho na kukuta bado amepungukiwa ng'ombe watano. Msichana aliyempenda kijana huyo aliweza kujikuta ameahidiwa mtu wa rika la baba yake. Njia iliyobaki ilikuwa kutoroka.

Kutoroka kuliongezeka, na pamoja nako yakaongezeka makosa mabaya zaidi. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeishi Nyansongo katika eneo la Nyaribari katikati ya miaka ya 1950, alionyesha kwamba kesi za ubakaji zilifurika wilayani mwaka 1937 na tena mwaka 1950, nyakati ambapo mahari ilikuwa imepanda kupita uwezo wa vijana wengi. Si kila msichana aliyechukuliwa usiku alikuwa amekubaliana na aliyemchukua. Hapa hoja ya wasomaji wanaozikosoa riwaya za Uskoti inapata uzito. Kwa nje, kukimbia kwa wapenzi na kutekwa kwa mtu vilifanana: msichana hayupo, baba ana hasira, kijana hajulikani alipo. Ni msichana peke yake aliyejua kilichotokea. Desturi ya enyangi, iliyomtaka bibi arusi alie na kushikilia nguzo hata kama amekubali, ilifanya iwe vigumu zaidi kwa wengine kutofautisha kilio cha desturi na kilio cha kweli.

Serikali na wazee walijaribu kuweka kikomo cha mahari kupitia Baraza la Wenyeji, chombo kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1920 chini ya wilaya iliyoitwa wakati huo South Kavirondo. Vikomo viliwekwa, vikavunjwa, vikawekwa tena. Baba aliyekubali hadharani ng'ombe wachache aliongezewa wengine kwa siri, na mzee aliyepiga kura ya kupunguza mahari alikuwa na mabinti wake mwenyewe nyumbani.

Mbele ya ritongo

Mahali pa kuamulia magomvi haya palikuwa ritongo, mahakama ya wazee iliyotambuliwa na serikali. Mahakama hizo zilifuata Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1930, kisha Sheria ya Mahakama za Waafrika ya mwaka 1951. Waamuzi walikuwa wazee wa Kigusii waliohukumu kwa mila, karani akaandika, na afisa wa wilaya akasikiliza rufaa. Mwanahistoria Brett Shadle alizipitia rekodi za mashauri haya na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2006, kinachoonyesha jinsi korti zilivyojaa kesi za wasichana.

Shauri la kawaida lilikwenda hivi. Baba alimshtaki kijana kwa kumtorosha binti yake ambaye hajaolewa, au mume alimshtaki mwanamume mwingine kwa kuishi na mkewe. Wazee waliuliza kwanza habari za ng'ombe: wametolewa? wangapi? wa rangi gani? nani alishuhudia wakivuka? Mashahidi waliwaeleza ng'ombe mmoja mmoja, kwa madoa na pembe, kama watu wanaojulikana kwa majina. Kisha swali liligeukia ridhaa. Baba alikubali? Na msichana je? Msichana mwenyewe alisimama mbele ya wazee akasema ni nani aliyemkubali na ni nani aliyepangiwa. Wengine walisema waliburutwa, wengine walisema walitoka kwa miguu yao wenyewe na wangetoka tena.

Shadle anaonyesha kwamba wazee hawakuwa na jibu moja. Wengi waliamini kwamba ndoa ya heshima inahitaji mambo matatu kwa pamoja: ng'ombe, idhini ya baba na ukubali wa msichana. Ugumu ulikuja pale ambapo matatu hayo yaligongana. Baba aliyekwisha kula ng'ombe wa mzee fulani hakuwa na ng'ombe wa kurudisha, kaka alikuwa amewatumia kuoa, na binti hataki. Kumpa msichana uhuru kamili kungevunja ndoa ya kaka. Kumrudisha kwa nguvu kungemfanya atoroke tena wiki ifuatayo, kama wengi walivyofanya. Baadhi ya vijana walifungwa au kutozwa faini. Wengine walipewa muda wa kutafuta ng'ombe, na wakiwaleta, shauri likageuka kuwa arusi iliyochelewa.

Rekodi hizi zinabomoa dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanamke wa zamani hakuwa na sauti katika ndoa yake. Alikuwa nayo, akaitumia, na mara nyingine ikasikika. Ya pili ni kwamba kutoroka kulikuwa uasi dhidi ya mila. Vijana wengi waliotoroka hawakuikataa chiombe. Walitaka kuitoa, kwa kiwango walichokimudu, na walijitahidi kulipa hata baada ya watoto kuzaliwa, kwa sababu bila ng'ombe watoto hao hawakuwa wao.

Mwanasheria Eugene Cotran alipokusanya sheria za mila za ndoa na talaka za Kenya katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1968, Wagusii walikuwa miongoni mwa jamii alizoziandikia. Kufikia wakati huo mahakama zenyewe zilikuwa zimebadilika: Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 iliziondoa mahakama za Waafrika na kuleta mahakimu wa serikali. Chini yao, kesi za mahari zilihitaji mawakili, nauli na subira ambayo baba wengi hawakuwa nayo.

Ardhi inapochukua nafasi ya zizi

Mtikisiko wa tatu ulikuwa wa ardhi. Kahawa, pareto na chai zilienea kwenye miteremko tangu miaka ya 1950, na idadi ya watu ikakua kwa kasi. Mashamba yaligawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na malisho yakageuka kuwa majani chai. Katika sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, na msongamano wa watu katika kaunti ya Kisii unazidi 900 kwa kila kilomita ya mraba. Familia yenye robo ekari hufuga ng'ombe mmoja wa maziwa kwa kumkatia majani, haifugi kundi la kuolea.

Mwanaanthropolojia Thomas Håkansson, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alieleza kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wenzi walio wengi walianza maisha ya pamoja kwa kutoroka, na chiombe ikaahirishwa au isitolewe kabisa. Vijana wa kiume wasio na kazi hawakuwa na cha kutoa, na baba hawakuwa na korti ya karibu ya kuwakimbilia. Katika miaka ya 1940 kutoroka kulikuwa njia ya kuingia katika ndoa. Kufikia miaka ya 1980, kwa wengi, ndiko kulikokuwa ndoa yenyewe.

Gharama ya mabadiliko haya iliwaangukia zaidi wanawake. Katika Gusii mke hupata shamba kupitia mume, na haki hiyo ilithibitishwa na ng'ombe. Mwanamke aliyeishi na mwanamume kwa miaka kumi bila chiombe aliweza kufukuzwa bila kitu, na kwao kaka alikuwa amekwisha kugawana ardhi na ndugu zake. Deni hilo hujitokeza hata msibani. Mwanamke akifariki kabla ya mahari yake kutolewa, ndugu zake huweza kuzuia mazishi hadi mume alete ng'ombe au fedha, na mazungumzo ambayo yangefanywa na esigani miaka 20 nyuma hufanywa jeneza likiwa uani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imetambua ndoa ya mila sawa na ile ya kanisa, ya serikali, ya Kiislamu na ya Kihindu. Imeweka umri wa chini wa miaka 18, imedai ridhaa huru ya wawili, na pale mila inapotaka mahari, imesema kwamba kutoa sehemu tu kunatosha kuthibitisha ndoa. Ndoa ya mila hutakiwa kusajiliwa. Kwa hatua hizo serikali imeiweka ridhaa mahali ambapo ritongo ilikuwa imeweka ng'ombe, huku ikiacha ng'ombe kama ushahidi. Familia nyingi za Kisii na Nyamira bado huketi na kukubaliana mahari, siku hizi kwa fedha pamoja na ng'ombe wachache, mara nyingi baada ya wawili kuwa wameishi pamoja na kupata watoto.

Kwa mwandishi anayetaka kutunga riwaya ya mapenzi ya kihistoria ya Gusii, mambo ambayo wasomaji wa riwaya za Uskoti hulalamika kuyakosa yamehifadhiwa: koo zenye uzito, mali iliyohesabiwa ng'ombe mmoja mmoja, na wasichana waliosema wazi mbele ya wazee kama walikubali au walikataa. Malalamiko ya wasomaji hao yanaonyesha pia mtego wa kuepuka, yaani kuandika utekaji kana kwamba ni uchumba. Mashauri ya ritongo yalizitofautisha njia hizo mbili kwa kumuuliza msichana, na riwaya inayotaka kuwa ya kweli haina budi kumpa nafasi hiyohiyo ya kujibu.